Sekunde Tatu za Kotabeki

Mtu atazamaye mpira wa Kimarekani kwa mara ya kwanza huona watu ishirini na wawili wakigongana kwa kishindo, wakasimama, kisha wakagongana tena, na yamkini akadhani kwamba mchezo wote ni wa nguvu. Lakini akimkazia macho mtu mmoja tu, yule asimamaye nyuma ya safu ya wenzake watano wenye miraba minne, ataiona fani nyingine kabisa. Mtu huyo ndiye kotabeki. Tangu aupokee mpira hata auachilie, aghalabu hapati zaidi ya sekunde tatu, na katika muda huo hana budi kuitambua hila ya wapinzani, kumchagua mmoja miongoni mwa wakimbiaji wake na kumrushia, ilhali watu wenye uzito wa ratili 300 wanamjia mbio wamwangushe. Namna kila mmoja azitumiavyo sekunde hizo ndiyo itambulishayo ustadi wake, na kwangu mimi ndiyo fahari ya mchezo wenyewe.

Johnny Unitas alizitumia kwa kusimama. Timu ya Pittsburgh ilimwacha mwaka 1955 bila ya kumchezesha hata mechi moja ya ligi, akafanya kazi za ujenzi huku akicheza katika timu ndogo ya mtaa kwa ujira wa dola 6 kwa mechi, mpaka Baltimore walipomwita. Tarehe 28 Desemba 1958, mjini New York, katika mechi ya ubingwa, Baltimore walikuwa nyuma kwa pointi 17 kwa 14, dakika zisizotimia mbili zimesalia, na mpira uko kwenye yadi ya 14 ya upande wao wenyewe. Zama zile kotabeki ndiye aliyechagua mbinu, si kocha. Unitas alimrushia mpokeaji wake Raymond Berry mara tatu mfululizo, jumla yake yadi 62, na kila mara akisubiri mpaka wapinzani wamemkaribia kabisa ndipo auachilie mpira. Basi zikiwa zimebaki sekunde 7, Steve Myhra akapiga teke la kusawazisha, na katika muda wa nyongeza Baltimore wakashinda kwa 23 dhidi ya 17. Maelewano yale ya Unitas na Berry hayakuzuka siku ile: wawili hao walikuwa na desturi ya kubaki uwanjani baada ya mazoezi, wenzao wamekwisha kwenda zao, wakirudia njia zile zile.

Fran Tarkenton wa Minnesota hakukubali kwamba sekunde ni tatu tu. Akibanwa alikimbia, kulia, kushoto, hata nyuma, akizirefusha mpaka wenye kumkimbiza wachoke na mwenzake mmoja apate upenyo. Kocha wake wa kwanza, Norm Van Brocklin, hakupendezwa na mbio hizo, na wengi waliziona kuwa ni woga. Mimi nasema hawakumfanyia insafu, maana mwoga hukimbia kwa kuyafumba macho, naye alikimbia macho yake yakiwa mbele daima, akitafuta pa kurusha. Na alipostaafu baada ya msimu wa 1978, hapakuwa na mtu katika ligi aliyemzidi kwa yadi za kurusha.

Dan Marino wa Miami alikuwa kinyume chake, kwani miguu yake haikumsaidia sana, bali mkono wake uliachilia mpira kwa wepesi wa ajabu kabla adui hajafika. Mwaka 1984 alirusha yadi 5,084, jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya kabla yake.

Lakini nikitakiwa kuchagua, namchagua Joe Montana wa San Francisco, aliyefundishwa na kocha wake, Bill Walsh, kuhesabu hatua: hatua tatu au tano za kurudi nyuma, kisha mpira uondoke, hata kama mpokeaji hajageuka, kama mvuvi atupaye kimia mbele ya samaki, si juu yake. Na hesabu ilipovurugika hakutaharuki. Januari 1982, dhidi ya Dallas, alisukumwa mpaka karibu na mstari wa pembeni, watu watatu wanamwinukia, akarusha juu huku akirudi nyuma, na Dwight Clark akaruka akaudaka kwa ncha za vidole.

Kwa miaka mingi wachezaji weusi walinyimwa nafasi hii ya kotabeki kwa dhana kwamba miguu yao ndiyo mali na si akili zao, hata Doug Williams alipoishindia Washington mechi ya ubingwa, Super Bowl, ya Januari 1988, akirusha pasi nne za alama katika robo moja tu. Dhana haikufa siku hiyo. Lamar Jackson alipokuwa akiingia katika ligi, mwaka 2018, walikuwako wajuzi waliomtaka aache urushaji awe mpokeaji. Alikataa. Msimu wa 2019 alikimbia yadi 1,206, kiasi ambacho hakuna kotabeki aliyewahi kukifikia, na katika msimu huo huo akarusha pasi za alama 36, zaidi ya mrushaji mwingine yeyote wa ligi.