Mkono wa Farasi Mzee

Juzi usiku nilikuwa natazama besiboli ya Marekani kwenye televisheni. Mrusha mpira, kijana wa miraba minne, alikuwa anawatesa wapigaji atakavyo. Mara kocha akatoka, akamnyang'anya mpira na kumpigapiga begani. Hajachoka, hajakosea, ila hesabu ya mirusho imetimia. Akaenda kukaa benchi, na mimi nikamkumbuka Charles Radbourn, mrusha mpira wa zamani.

Huyu alikuwa kijana wa buchani, aliyekulia Bloomington, Illinois. Wenzake walimwita Old Hoss, yaani Farasi Mzee. Mwaka 1884 aliichezea Providence Grays ya Rhode Island. Mwezi Julai mrusha mpira mwenzake, Charlie Sweeney, aligombana na wakubwa katikati ya mechi akaondoka zake. Radbourn naye alikuwa amesimamishwa kwa utovu wa nidhamu, na timu ilikaribia kuvunjwa. Akakubali kurudi kubeba mzigo wote, lakini kwa masharti: aongezewe mshahara, na msimu ukiisha awe huru kwenda atakako. Alijua bei ya mkono wake.

Msimu ule alianza mechi 73, na zote 73 akazimaliza mwenyewe. Alishinda 59 au 60, kutegemea nani anahesabu, na watu bado wanabishana, kana kwamba hiyo moja ingempunguzia kitu.

Lakini mimi hesabu hizo haziniingii moyoni kama asubuhi zake. Husimuliwa kwamba akiamka, mkono ulikuwa haunyanyuki hata kufika kichwani, nywele hawezi kuchana. Basi alikuwa akitangulia uwanjani mapema, anasimama hatua chache tu kutoka kwa mdakaji, anaurusha mpira polepole kama anayemrushia mtoto. Anarudi nyuma kidogo. Anarusha tena, uso umekunjamana. Anarudi nyuma tena, mpaka mkono ulainike na kukubali kazi. Nguvu peke yake isingemfikisha popote. Aliishi kwa hila: mrusho huu wa kasi, ule wa kuvizia, mwingine unaopinda mpigaji akiwa ameshajikaza. Leo kasi inapimwa kwa mashine na tarakimu inawaka ubaoni. Hila haina mashine ya kuipima, ndiyo maana hatuioni tena.

Sitaki kudanganya kwamba mkono ule haukulipa gharama. Ulilipa. Hakuufikia tena msimu ule, na mwaka 1891 akaacha, akarudi Bloomington kufungua baa. Kisha akiwa mawindoni bunduki ikafyatuka, ikamharibu uso na kumtoa jicho. Tangu hapo alijificha katika chumba cha nyuma cha baa yake, gizagiza, asionekane na mtu, hadi alipofariki mwaka 1897 akiwa na miaka 42. Upande wa mbele wateja wakiendelea kunywa.