Tajiri au Kigogo? Tunaihakiki Filamu ya "Oligarkh"

Filamu ya Kirusi iitwayo "Oligarkh" iliongozwa na Pavel Lungin na kutolewa mwaka 2002. Chimbuko lake ni riwaya ya Yuli Dubov ya mwaka 1999, naye Dubov alikuwa mtu wa ndani katika LogoVAZ, kampuni ya Boris Berezovsky. Si ajabu basi kwamba mhusika mkuu, Platon Makovsky, ni msomi anayejitosa katika biashara Dola ya Kisovieti ikiporomoka. Berezovsky mwenyewe alikuwa mwanahisabati kabla ya kuuza magari.

Kifani hatuna ugomvi nayo. Msuko umejengwa kwa kisengere nyuma: tunaanza na habari ya kifo cha Platon, kisha mpelelezi anatufukulia maisha yake kidogo kidogo. Vladimir Mashkov anamwigiza kwa haiba kubwa, na hapo ndipo shaka yetu inapoanzia. Mtazamaji anajikuta akimshabikia Platon bila kuuliza mali hiyo ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya umma. Mwaka 1992 Warusi walianza kugawiwa vocha za rubli 10,000 kila mmoja ili wanunue hisa za viwanda. Mfumuko wa bei ukaila thamani yake, na wengi wakaziuza kwa bei ya kutupa. Mwaka 1995 serikali iliyoishiwa fedha ilikopa kwa mabenki ya wachache na kuweka rehani hisa za makampuni ya mafuta na madini. Deni halikulipwa, hisa zikabaki kwao. Asilimia 51 ya Sibneft ilichukuliwa kwa dola milioni 100 na ushei. Mwaka 2005 Gazprom ililipa dola bilioni 13 kwa takriban asilimia 73 ya kampuni hiyohiyo! Lungin asingeweza kuyajua ya 2005, lakini ya 1995 yalikuwa peupe. Mwenye vocha hana nafasi ya maana katika filamu yake.

Tukija kwenye lugha, wanafunzi wetu wakiombwa kutafsiri jina la filamu hukimbilia "tajiri". Hatukubaliani nao. Tajiri kwa asili ya Kiarabu ni mfanyabiashara, na bepari kwa asili ya Kihindi vilevile. Neno la Kirusi limetoka kwa Wagiriki, likiwa na maana ya utawala wa wachache. Hoja yake ni madaraka. "Kigogo wa uchumi" linakaribia zaidi, japo halijaturidhisha.

Warusi wenyewe waliligeuza neno "privatizatsiya" kuwa "prikhvatizatsiya", kutokana na kitenzi chenye maana ya kunyakua. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati hapa: "ubinafsishaji" na "ubinafsi" tayari ni ndugu wa tumbo moja, na utani huo unaweza kuvuka bila tanbihi.