Wanawake 5,000 kwa miezi mitatu: mbinu ya Bibi Titi Mohamed

Oktoba 1955, Oscar Kambona, akiwa katibu wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, aliwaandikia marafiki wa chama huko Uingereza kwamba Bibi Titi Mohamed alikuwa ameandikisha wanawake 5,000 katika muda wa miezi mitatu. Chama chenyewe kilizaliwa Julai 7, 1954. Mwandikishaji alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam mwenye umri wa miaka 29, Mwislamu aliyesoma madrasa na miaka michache ya shule ya msingi, na hakuwa amewahi kushika cheo chochote cha siasa. Tunapousimulia ushindi huo huwa tunataja vipaji vyake: sauti, ujasiri, ulimi usiotetereka jukwaani. Vipaji hivyo alikuwa navyo kweli, ila havitoshi kueleza hesabu. Watu 5,000 kwa siku 90 ni zaidi ya 50 kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Hakuna msemaji, awe hodari namna gani, anayeweza kupita nyumba kwa nyumba akamshawishi kila mama atoe kiingilio kwa kasi hiyo. Ilibidi pawepo na kitu kilichokwisha kujengwa, chenye watu, viongozi na desturi ya kuchanga fedha. Kitu hicho kilikuwa vyama vya ngoma, na ustadi wa Bibi Titi ulikuwa kukiingiza kizima kizima ndani ya chama cha siasa.

Tuvitazame vyama hivyo kwa makini, maana wengi huviona kama burudani tu. Wanawake wa Kariakoo, Ilala na mitaa ya jirani walikuwa wametoka sehemu nyingi: Wazaramo wenyeji, Wamanyema, Wayao, Wanyamwezi, Wangoni na wengineo. Kilichowakutanisha kilikuwa Kiswahili, dini kwa walio wengi, na ngoma kama lelemama. Kila kundi lilikuwa na wakubwa wake, sare zake, waimbaji wake, na mahasimu wake wa kushindana nao. Mwanachama alichanga kwa ajili ya sherehe, akaolewa au akamwoza binti yake mbele ya wenzake, na alipokufa wakamzika. Wengi wao walijitegemea kwa biashara ndogo ndogo, ikiwemo kupika pombe na maandazi, na hawakusubiri ruhusa ya mume ili kutoa shilingi. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la Bomba. Kwa hiyo alijua ni nani anasikilizwa wapi, nani amegombana na nani, na ni mlango upi ubishwe kwanza.

Mbinu yenyewe inafahamika kutokana na simulizi za wanawake wenyewe, ambazo mwanahistoria Susan Geiger alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1997. Bibi Titi hakuanza na mtu mmoja mmoja. Aliwaendea wakubwa wa ngoma na kuwaeleza shabaha ya TANU. Wao wakawaita watu wao. Mkubwa akikubali, kundi lake lilifuata, kwa sababu lilikuwa limezoea kumfuata katika mambo ya gharama zaidi kuliko kadi. Michango ilikusanywa na watu waliokwisha kuaminiwa na fedha za wenzao. Habari za mkutano zilipita njia zile zile zilizopitisha mialiko ya harusi. Na kulikuwa na faida nyingine, ambayo nadhani haijapewa uzito wake. Tangu 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na katazo hilo liliwabana wasomi, walimu na makarani, yaani wanaume ambao TANU iliwahitaji sana. Mwanamke wa lelemama hakuwa na mwajiri wa kumwandikia barua ya onyo. Kile kilichoonekana kuwa udhaifu wake, kutokuwa na shule wala ajira ya serikali, ndicho kilichompa nafasi ya kusimama hadharani kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja bila kupoteza mshahara.

Wapo watakaosema kwamba wazo lilikuwa la wanaume. Ni kweli kwamba John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, alipotembelea Tanganyika mwaka 1955, aliuliza kuhusu wanawake wa TANU, na viongozi wakalazimika kumtafuta mama wa kuongoza. Lakini kuuliza wanawake wako wapi ni jambo moja, na kujua namna ya kuwafikia ni jambo jingine kabisa. Hakuna mwanaume katika ofisi ya chama aliyekuwa na ufunguo wa makundi yale. Hoja ya pili ni nzito zaidi: kama ngoma ndizo zilizofanya kazi, basi Bibi Titi alibahatika tu. Hapa mfano wa Mombasa unasaidia. Huko nako lelemama ilikuwa na vyama imara vyenye vyeo na ushindani mkali, kama Banu Saada na Ibinaal Watan. Baadaye nguvu ya wanawake hao iliingia katika jumuiya za wanawake wa Kiislamu, zilizoshughulikia elimu na ustawi wao. Haikuwa uti wa mgongo wa chama cha kudai uhuru. Mtandao wa aina ile ile ulikuwepo pande zote mbili. Dar es Salaam alipatikana mtu wa ndani aliyeweza kuwashawishi mahasimu wa ngoma kwamba kadi moja haimfanyi yeyote kati yao kuwa mshindi. Hilo halikuwa jambo dogo.

Hoja ya tatu inauliza thamani ya hesabu hiyo, ilhali wanawake hao hawakuwa na kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 masharti ya elimu, kipato au wadhifa yaliwaacha nje karibu wote. Ila nguvu ya TANU katika miaka ile haikutegemea kura. Ilitegemea ada, umati kwenye viwanja, na uwezo wa kumthibitishia gavana kwamba chama si cha makarani wachache. Vyote vitatu wanawake walivitoa.

Kwa maoni yangu, mbinu hiyo hiyo inatusaidia kuelewa kwa nini mamlaka yake hayakuhamia serikalini. Mtandao wa ngoma ulifuata watu. Dola ilifuata mipaka. Bibi Titi alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake, mwaka 1962 na akashika unaibu waziri, lakini mwaka 1965 alikiwania kiti cha Rufiji, mbali na mitaa iliyomlea kisiasa, akashindwa. Hakuanguka peke yake mwaka ule. Hata waziri Paul Bomani alipoteza kiti chake. Hata hivyo Bomani alikuwa na ngazi nyingine za kupandia. Mwaka 1967 Bibi Titi aliachia nafasi yake ya uongozi katika chama, Azimio la Arusha likiwa limewazuia viongozi kupangisha nyumba. Kwake na kwa wanawake wengi wa mjini, nyumba ya kupangisha ilikuwa akiba ya uzeeni. Alikamatwa mwaka 1969 akishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akasamehewa na kutoka mwaka uliofuata. Wakati huo chama kilikuwa kimekwisha kujipanga upya kwa mashina ya nyumba kumi kumi. Balozi wa nyumba kumi alimjua mwanamke kwa makazi yake, na UWT ilimjua kwa kadi na tawi lake. Mkubwa wa ngoma, aliyeleta wanachama kwa makundi mwaka 1955, hakuwa na cheo katika mpango huo, na yule aliyejua kuwaita wakubwa hao wote alikuwa amekwisha kutolewa nje ya siasa.