Kupima sauti ya moduli za zamani zilizounganishwa kwa MIDI

Sauti inayotokana na moduli kadhaa za sinthesaiza huwa bora pale kila moduli inapopewa kazi yake. Moja hutoa mguso wa mwanzo, kama ukucha unavyogonga waya wa ala ya kanuni. Ya pili hubeba mwili wa noti. Ya tatu huongeza nyuzi laini kwa nyuma. Moduli tatu zinazofanya kazi ileile hazinenepeshi sauti, huitibua tu. Roland D-50 ya 1987, ambayo D-550 ni toleo lake la rafu, imejengwa juu ya hila hiyohiyo. Kumbukumbu ilikuwa ghali, kwa hiyo vipande vifupi vya sauti halisi viliwekwa mwanzoni mwa noti, na sehemu iliyobaki ikaundwa na mashine.

Kuziunganisha si kazi kubwa. MIDI ilianza 1983, na waya wake una plagi ya pini 5. Tundu la OUT la kinanda huingia IN ya moduli ya kwanza, THRU ya hiyo huingia IN ya inayofuata, na zote huwekwa kwenye chaneli moja kati ya 16. Noti moja husafiri kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kinanda kinachoituma mara tatu, kwa chaneli tatu, hulegeza akodi nzito bila sababu.

Mtihani wenyewe, kwa Muscat, ni robo toni. Kinanda kinachoshika nafasi ya fidla na kanuni kwenye taarab ya harusi, katika familia zenye asili ya Zanzibar, husikilizwa na watu waliokua na maqam, mizani ya muziki wa Kiarabu, masikioni. Maqam ya Bayati inayoanzia re huweka noti ya pili katikati ya mi bapa na mi. Yamaha TX81Z, ya 1987 pia, humruhusu mpigaji kuandika mizani yake mwenyewe. Moduli nyingi za rika lake haziwezi, hivyo noti hushushwa kwa gurudumu la kinanda, na hapo ndipo uzembe hujulikana. Gurudumu likishushwa robo ya njia yake kutoka katikati, moduli iliyopangiwa upeo wa nusutoni 2 hushuka robo toni barabara. Iliyopangiwa 12 huporomoka toni moja na nusu. Sauti hupasuka vipande viwili mbele ya wageni. Gurudumu hukokota pia kila noti iliyoshikwa kwenye chaneli hiyo, kwa hiyo besi inapaswa kuwa na chaneli yake.

Mnunuzi asikilize kila moduli peke yake, kisha zote pamoja, kwa kidole chepesi na kizito. Halafu azipeleke kwenye spika moja: sauti iliyonona kwenye spika mbili huweza kukonda hapo, kwa sababu mawimbi hufutana. Sauti isiyobadilika ndiyo ya kununua.

Hewa ya chumvi ya Matrah, huko Muscat, hula matundu na vitufe. Betri ndogo ya ndani, ikifa, huondoka na sauti zote zilizohifadhiwa na mwenye mashine, basi ni vyema ibadilishwe mapema. Moduli iliyotengenezewa soko la Japani hutaka volti 100, na soketi ya Muscat hutoa 240. Bila transfoma ya kupunguza umeme, isichomekwe.