Gikonyo Alitaka Tu Kurudi Nyumbani

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki tarehe 28 Mei 2025, simu yangu ilijaa ngumi. Picha za ngumi hewani, mabango, maneno ya kupigana hadi mwisho. Kila mtu alikuwa na Ngũgĩ wake, na karibu wote walikuwa Ngũgĩ mmoja: yule wa Kamiti, yule wa uhamishoni, mzee asiyeyumba. Sikuwa na shida na hilo. Aliwekwa kizuizini mwisho wa 1977 bila kushtakiwa, akatoka mwisho wa 1978, na kuanzia 1982 akaishi nje ya nchi yake. Alistahili ngumi. Lakini mimi nilirudi kwa kitabu chake ambacho hakina mtu yeyote asiyeyumba, yaani A Grain of Wheat cha 1967, na nilikisoma nikiwa na sababu yangu. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimejitoa kwenye magrupu yote ya maandamano, moja baada ya jingine, bila kuaga.

Sababu si siri. Juni 2024 nilikuwa pale tao kama maelfu ya wengine. Nilibeba maji, chumvi, bandeji, na orodha ya namba za mawakili imeandikwa mkononi kwa kalamu. Tarehe 25 watu waliingia Bunge, wengine wakapigwa risasi, na kesho yake Rais akasema hatatia sahihi Mswada wa Fedha. Tukasema tumeshinda. Julai baraza la mawaziri likavunjwa, tukasema tumeshinda tena, na kabla mwezi haujaisha viongozi wa ODM wakatajwa kuwa mawaziri katika serikali ileile tuliyokuwa tukiipinga. Kufikia Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni. Watu wa rika langu walianza kulala kwa marafiki. Mimi nilianza kuruka kila gari lililosimama karibu na geti. Halafu siku moja nikachoka. Hakukuwa na tukio. Nilichoka tu, kama mtu anavyochoka kupanda ngazi.

Nilichotaka kwenye fasihi wakati huo ni kitu kidogo sana: mhusika anayeacha mapambano bila kuwa msaliti, bila kuwa kichaa, bila kufa. Jaribu kumtafuta. Katika riwaya na tamthilia tulizosomeshwa shuleni, anayejitoa ananunuliwa, na tunajua kanunuliwa kwa sababu ghafla ana gari. Katika mashairi ya majukwaani yaliyozaliwa 2024, ambayo mengine ni moto kweli, mtu anayekaa nyumbani ni mwoga anayeulizwa maswali. Hakuna shairi lililomuuliza kama amekula.

Na mila hii ina mizizi mirefu, tena mizizi ya heshima. Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972 kwa kuandika kijikaratasi kilichoitwa "Kenya: Twendapi?", na mashairi aliyoyaandika humo kwa siri yakatoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Shairi mojawapo linaitwa "Siwati", yaani siachi, kwa lafudhi ya Mvita. Neno moja, na mtu mzima amesimama ndani yake. Nalipenda. Ila huwa nasahau, na nadhani wengi wetu husahau, kwamba aliyesema hawati aliondoka. Alipotoka jela alienda Tanzania, baadaye London, kisha Ujerumani. Hakuuacha msimamo, aliiacha nchi. Sisi tumechukua neno lake tukaacha safari yake, kwa hivyo tunapolitumia kuwapiga wenzetu tunalitumia nusu.

Turudi kwa Gikonyo. Wale mliosoma A Grain of Wheat kwa ajili ya mtihani pengine mnamkumbuka Mugo, kwa sababu mitihani humpenda Mugo. Ndiye mkimya wa kijiji cha Thabai ambaye wote wanamwona shujaa na wanataka ahutubu siku ya Uhuru, Desemba 1963, kumbe ndiye aliyemtoa Kihika kwa wakoloni akanyongwa. Mugo hakutaka pesa wala cheo. Alitaka kuachwa alime shamba lake. Kihika alimwingilia usiku kibandani kwake, ametoka kuua, akamwambia apange harakati kijijini, bila kuuliza kama anataka. Ukisoma sura hiyo leo, baada ya kuamshwa saa nane usiku na mtu aliyekuweka kwenye grupu la "kamati" bila ruhusa yako, unaisikia tofauti. Ngũgĩ anamwelewa mtu anayetaka kuachwa. Lakini hamruhusu. Kwake, tamaa ya kuachwa peke yako ndiyo mlango ambao usaliti unaingilia, na Mugo anaulipia kwa uhai wake. Hapo mimi na kitabu tunaachana kidogo. Si kila anayetaka kulima shamba lake atamuuza mtu. Wengi watalima tu.

Gikonyo ndiye jibu la kitabu kwa Mugo, na sioni watu wakimzungumzia vya kutosha. Ni seremala. Alioa mwanamke anayempenda, Mumbi, na muda mfupi baadaye akapelekwa kizuizini kwa miaka sita. Huko kambini wenzake walishikilia kiapo, na Gikonyo naye alishikilia, hadi siku moja akashindwa. Alitembea kwenye sakafu ya saruji hadi ofisi ya wazungu akakiri kwamba alikula kiapo. Hakufanya hivyo kwa sababu alibadilisha mawazo kuhusu ukoloni. Alitaka kumwona mkewe. Ni hilo tu. Na mlio wa nyayo zake kwenye saruji ile unamfuata miaka yote, hata akiwa tajiri mdogo mwenye biashara ya mahindi na maharagwe, hata akiwa kitandani.

Nimefikiria sana kuhusu zile nyayo. Mwandishi mwingine angempa Gikonyo ndoto mbaya, au mzimu wa Kihika, au hotuba ndefu. Ngũgĩ anampa sauti ya viatu. Ni sauti ambayo haina lawama ndani yake. Lawama anaileta Gikonyo mwenyewe. Mtu aliyetoka kwenye harakati anajua jambo hili. Hakuna aliyenitukana nilipojitoa. Mmoja tu aliniandikia "sawa buda, pumzika", na neno hilo "pumzika" nililibeba wiki nzima kama jiwe ndani ya kiatu.

Halafu kuna ile sura ambayo kwangu ni bora kuliko zote kitabuni. Gikonyo anaenda usiku kwa Mugo kumweleza siri yake, kwamba alikiri, kwamba ana aibu. Anamchagua Mugo kwa sababu Mugo ndiye mtu safi kijijini, aliyepigwa kambini na hakukiri kitu. Msomaji wa mara ya pili anajua anaungama kwa nani. Gikonyo, ambaye kosa lake ni kumpenda mkewe kuliko kiapo, anaomba kueleweka na mtu aliyemuua shemeji yake. Na Mugo ananyamaza. Sisi pia tuna watu wetu safi, wale tunaowapelekea uchovu wetu ili watusamehe, na hatujui wao usiku wanafikiria nini.

Alifika nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mtoto asiye wake. Mumbi alikuwa amezaa na Karanja, homgadi aliyekuja kuwa chifu. Tena ilitokea siku ambayo Karanja mwenyewe alimletea habari kwamba mumewe anarudi. Furaha ilimlegeza, na hapo hapo furaha ikawa kitu kingine. Ukatili wa Ngũgĩ hapa ni wa hesabu kali sana: Gikonyo aliacha kiapo kwa ajili ya nyumba, na habari ya kurudi kwake ndiyo iliyoivunja nyumba hiyo.

Hapa ndipo nina ugomvi na kitabu. Mumbi anaeleza hadithi yake, ndiyo, na ni mojawapo ya sehemu zenye nguvu zaidi: kijiji kikichomwa, kazi ya kulazimishwa ya kuchimba handaki, njaa. Lakini hakuna mahali mtu anamuuliza kama alitaka mume wake akiri au asikiri. Yeye ndiye sababu ya uamuzi wote na hana kura. "Nyumbani" kwa Gikonyo ni mahali ambapo mwanamke anangoja na mbao za muiri zinangoja kuchongwa ziwe kigoda. Nyumbani halisi kuna mtu ambaye amekuwa akifanya harakati zake mwenyewe za kupata unga.

Ndiyo maana nilitazama tena filamu ya Sam Soko, Softie, ya 2020, mara tu nilipomaliza riwaya. Wengi mnaijua: inamfuata Boniface Mwangi, mpiga picha wa ghasia za 2007 na 2008, yule aliyemkatiza Rais Kibaki Siku ya Madaraka 2009, yule wa nguruwe na damu nje ya Bunge 2013, hadi anapowania ubunge wa Starehe 2017. Ilienda Sundance ikatuzwa kwa uhariri. Watu huisifu kwa ujasiri wake. Mimi naisifu kwa sababu kuna jikoni ndani yake. Mkewe, Njeri, anasema kwa kamera kile ambacho Mumbi hakuulizwa: kwamba mtu hawezi kuitanguliza nchi kisha akategemea familia imngoje pale alipoiacha. Anasema bila kupiga kelele. Mara nyingine anacheka, na ukimwangalia vizuri unaona kicheko hicho ni cha mtu aliyechoka. Vitisho vikizidi, yeye na watoto wanaenda Marekani kwa muda. Filamu inatuonyesha, kisha inarudi haraka kwa kampeni, mabango, na wapiga kura wanaouliza mgombea amewaletea nini. Ningetaka ikae kule zaidi. Ningetaka kumwona Njeri siku ya kawaida ya baridi, hana wa kumpungia mkono, watoto wako shule. Kamera ilimpenda mume kwa sababu mume alikuwa anakimbia, na kamera hupenda kinachokimbia.

Boniface hakuacha. Alishindwa Starehe, akaendelea, na Agosti 2025 akatangaza kwamba atawania urais 2027. Namheshimu, na sitaki kumtumia kama kielelezo cha uchovu asiokuwa nao. Lakini Softie, tofauti na hotuba nyingi zinazosemwa kwa jina lake, inakubali kwamba Njeri anaweza kuwa sahihi pia, na haimgeuzi kuwa kizuizi cha ukombozi. Ni kitu kidogo. Katika sanaa yetu ya siasa, ni adimu kama maji Kayole.

Nirudi kwa sehemu ya riwaya inayouma zaidi kwa msomaji wa leo, nayo ni fupi. Gikonyo na wenzake wanachanga pesa wanunue shamba la mzungu anayeondoka. Anapanda basi hadi Nairobi kumwona mbunge awasaidie kupata mkopo. Mbunge anamkaribisha vizuri, anaahidi, anamwambia arudi. Baadaye wanakuta shamba limeshanunuliwa. Aliyelinunua ni mbunge. Ngũgĩ aliandika haya uhuru ukiwa bado mchanga, rangi bado mbichi. Hakuhitaji kutabiri chochote. Alikuwa anaangalia tu. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba kizazi changu kimekata tamaa mapema mno, mwaka mmoja tu baada ya Juni, namkumbuka Gikonyo kwenye basi la kurudi Thabai, bado anaamini. Kujua hakukuchukua muda. Kilichochukua muda ni kuamua utaishi vipi ukishajua.

Na Gikonyo anaamua nini? Hagombei. Haandiki barua kwa gazeti. Siku ya sherehe anavunjika mkono, anapelekwa hospitali, na akiwa pale kitandani anaanza kuwaza upya kile kigoda alichotaka kumchongea Mumbi tangu zamani. Anawaza sura atakazochonga kwenye miguu yake, anazibadilisha, anazibadilisha tena. Walimu hupenda kuniambia hiyo ni alama ya taifa jipya. Labda. Mimi naona seremala ambaye anafikiria tena kuhusu mbao.

Mumbi anakuja kumwona. Gikonyo, aliyekataa kabisa kumzungumzia yule mtoto, anauliza habari zake, na anataka mambo yaanze upya hapo hapo, kwa sentensi moja. Mumbi anakataa. Anamwambia kwamba yaliyopita kati yao hayafutiki kwa neno, kwamba itabidi waketi wayaseme yote, kila mmoja. Si leo. Leo ana moto wa kuwasha nyumbani. Anaondoka wodini, na kitabu kinaisha kabla hajarudi.