Nani Mshindi wa Shela? Hukumu ya Wasikilizaji katika Malumbano ya Ushairi wa Lamu na Mombasa

Utangulizi

Penye mashindano ya utungo, wasikilizaji huulizana maswali mawili. La kwanza ni: nani atashinda? La pili ni: utungo upi ulio bora? Maswali haya hufanana kwa sura, lakini jawabu lake si moja. Anayetabiri mshindi hupima nguvu: nani ana jamaa wengi, nani anapendwa na waamuzi, nani ana mji nyuma yake. Anayetafuta utungo bora hupima maneno: uteuzi wake, mpango wa vina na mizani, ukali wa fumbo, na jinsi yanavyobaki moyoni baada ya watu kutawanyika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wasikilizaji wa pwani ya Kenya walikwisha kuyatenga maswali haya mawili tangu mwanzo wa karne ya 19, na kwamba uhakiki wa mashairi yaliyozunguka vita vya Shela hupungukiwa kila unapoyachanganya.

Utabiri na hukumu

Ili kuielewa tofauti hiyo, ni vyema kuanza na mashindano ambayo kura zake zimehesabiwa na kuandikwa. Mashindano ya nyimbo ya Eurovision yalianza Lugano, Uswisi, mwaka 1956, yakiwa na nchi 7. Washabiki wake huanza kuzijadili nyimbo miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Wanapotabiri, huzungumzia majirani wanaopeana kura na zamu ya kila mwimbaji jukwaani. Wanaposifu, huzungumzia sauti, maneno na mahadhi. Mara nyingi mshabiki mmoja hutabiri ushindi wa wimbo huu huku akiupenda ule, wala haoni kuwa amejipinga.

Historia ya mashindano hayo imewaunga mkono. Mwaka 1958, huko Hilversum, Uholanzi, Domenico Modugno wa Italia alitoka wa 3, na ushindi ukaenda kwa André Claveau wa Ufaransa. Hata hivyo, wimbo ulioenea duniani ukaimbwa kwa miongo ya miaka ni ule wa Modugno. Mwaka 2023, huko Liverpool, Loreen wa Uswidi alishinda kwa pointi 583, na Käärijä wa Ufini akapata 526. Lakini katika kura za watazamaji peke yake, Käärijä alipata 376 na Loreen 243. Waamuzi na watazamaji walisikiliza nyimbo zile zile, wakatoa hukumu mbili.

Shela ya wakati wa vita haikuwa na waamuzi wa kuhesabu pointi. Hata hivyo ilikuwa na mashindano ya aina yake, nayo yalivuka mipaka ya tawala, kwani Lamu, Pate na Mombasa ya Mazrui zilikuwa kila moja na wakuu wake na siasa yake.

Vita na mashairi yake

Vita vya Shela, ambavyo katika fasihi hujulikana pia kwa jina la Vita vya Kuduhu, huwekwa na wanahistoria kati ya mwaka 1812 na 1814. Majeshi ya Mombasa na Pate yaliteremka katika ufuo wa Shela kwa nia ya kuitiisha Lamu. Yalishindwa vibaya. Masimulizi ya Lamu yaeleza kwamba waliokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama. Baada ya ushindi huo, watu wa Lamu, wakihofia kisasi, waliomba himaya ya Sayyid Said bin Sultan wa Omani. Ngome ya Lamu ilikamilika yapata mwaka 1821, na Mombasa yenyewe ikaangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837.

Sambamba na vita vya silaha kulikuwa na vita vya maneno. Upande wa Mombasa alisimama Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mtunzi ambaye imesemwa mara nyingi kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa mji wake. Mashairi haya yalikuwa na kazi ya kutisha, kukejeli, kuonya na kutia moyo. Kwa hiyo mengi yalikuwa ni utabiri kwa maana halisi: kila mtunzi aliashiria mwisho wa vita kabla vita havijesha. Hapa ndipo jambo la kustaajabisha lilipo. Utabiri wa Lamu ulitimia na wa Mombasa haukutimia. Lakini jina lililoenea zaidi katika ushairi wa kipindi hicho ni la mtunzi wa upande ulioshindwa.

Msikilizaji aliye mhifadhi

Ili kulifahamu jambo hili yapasa kuitazama fani yenyewe ya malumbano. Shairi la kujibu halijitoshelezi. Hulijia shairi lililotangulia, likaigeuza hoja yake, likalichukua fumbo lake na kulirudisha kwa mwenyewe. Asiyelijua lile la kwanza hapati ladha ya la pili. Kwa hiyo msikilizaji wa Lamu aliyetaka kulifurahia jibu la Mngumi alilazimika kuhifadhi kejeli za Mombasa kwa uangalifu ule ule aliohifadhi nao fahari ya mji wake, na msikilizaji wa Mombasa vivyo hivyo. Kila upande ulikuwa hazina ya maneno ya adui.

Jambo hili lilikuwa na matokeo katika kupima. Mtu aliyehifadhi pande zote mbili hawezi kukwepa kuzilinganisha. Anaweza kuutakia mji wake ushindi na bado akakiri kwamba beti ya mpinzani ina ncha kali zaidi. Methali husema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo inamwamuru mshindani akubali matokeo. Haimwamuru msikilizaji ausahau utungo wa aliyeshindwa. Katika mashindano ya vyombo vya tanga yanayofanyika mbele ya Shela, chombo kilichotangulia huonekana kwa macho, na mjadala hukoma hapo. Shairi halina mstari wa mwisho wa kuvukwa. Huendelea kushindana kila linaposomwa.

Pingamizi

Yawezekana kupinga kwamba umaarufu wa Muyaka umetokana na bahati ya wakusanyaji. Pingamizi hili lina uzito. Mashairi yake yalikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, akishirikiana na William Taylor, mmisionari Mwingereza. W. Hichens aliyatoa katika Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayachambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1979. Mngumi hakupata mlolongo wa watumishi kama huo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1995, Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipotoa Mashairi ya Vita vya Kuduhu, ndipo msomaji aweze kuyasikia malumbano hayo yakiwa pamoja katika kitabu kimoja.

Lakini Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, hakuweza kukusanya ila kile ambacho wazee walikuwa bado wanakikumbuka miongo kadhaa baada ya Muyaka kufariki mwaka 1840. Tungo za vita vilivyoshindwa, zilizowatukuza watawala waliokwisha kuondolewa, zilikuwa na kila sababu ya kusahauliwa. Hazikusahauliwa. Haithibitishi hilo kwamba Muyaka alikuwa mtunzi bora kuliko Mngumi. Lathibitisha jambo dogo zaidi, lakini la msingi: kwamba wasikilizaji hawakuutupa utungo kwa sababu tu utabiri wake ulikuwa wa uongo.

Hitimisho

Katika vyuo na shule, mashairi haya husomwa aghalabu moja moja, kama kwamba kila moja lilitungwa kwa upweke. Mwanafunzi hupewa shairi la uchokozi bila jibu lake, kisha huulizwa aeleze fani na maudhui. Huo ni sawa na kumsikilizisha mtu wimbo mmoja tu wa mashindano na kumtaka autathmini ushindani mzima. Mhakiki naye, akishajua kwamba Lamu ilishinda, huyasoma mashairi ya Mombasa kama majigambo matupu na ya Lamu kama hekima iliyotimia. Hivyo huliachia jahazi lililokwama ufuoni kazi ya kuhakiki ushairi.

Hatari hiyo haijapita. Tamasha la Utamaduni la Lamu, lililoanza mwanzoni mwa karne ya 21, limekuwa likishindanisha washairi pamoja na mashua na punda. Zawadi hutolewa na jina la mshindi huandikwa. Mazungumzo ya wasikilizaji, wanaobishana kabla na baada ya uamuzi, hayaandikwi, ilhali ndiyo yenye uhakiki. Wachunguzi wa fasihi simulizi wangefaa kuyarekodi mabishano hayo kwa bidii ile ile wanayorekodi nayo tungo: yupi alitabiriwa kushinda, yupi alipendwa, beti ipi ilirudiwa njiani watu wakienda zao. Yakipotea hayo, vizazi vijavyo vitajua nani alipewa zawadi, wala havitajua nani alisikilizwa. Wasikilizaji wa vita vya Shela waliyaacha mashairi ya pande zote mbili. Mhakiki wa leo hana udhuru wa kuusoma upande mmoja.