Udongo Huivishwa

Mtambuu ni mmea wa kujidai. Hutambaa juu ya mti ukijishikilia kwa vijimizizi vyake, na jani lake halitaki jua kali wala upepo mkavu. Lakini madai yake makubwa yako chini ya ardhi. Ukiupanda penye maji yaliyotuama, mizizi huoza kabla mvua ya mwaka haijakatika. Ukiupanda kwenye mchanga mtupu, hunyong'onyea kwa kiu na njaa. Ndiyo maana hapa Chaani, mtaa wetu wa Changamwe, Mombasa, ukiuona mtambuu umeupanda muarubaini wa mtu mpaka kwenye matawi, majani mapana yanang'aa, usikimbilie kuusifu mmea. Uliza kwanza ni nani aliyetengeneza udongo, umsifu yeye.

Tambuu si mgeni wa jana katika pwani hii. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, na ni jamaa wa karibu wa pilipili manga. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kupita Mombasa na kuendelea Kilwa, mtawala wa mji alimpelekea sahani ya tambuu na popoo ikiwa ndiyo heshima ya kumkaribisha mgeni. Mpaka leo tambuu ina nafasi yake kwenye arusi na katika baraza za wazee. Ukweli usemwe pia: popoo na tumbaku vinavyotafunwa pamoja na jani hilo huleta saratani ya mdomo, na wataalamu wamekwisha kulithibitisha jambo hilo. Ninachokisifu hapa ni kazi inayofanywa chini ya mmea, nayo ni kazi ambayo apandaye mpasheni, kweme au kunde za kutambaa ataihitaji vilevile.

Kisiwa cha Mombasa kimekalia matumbawe, na Likoni na Kisauni wana mchanga mwingi. Sisi wa Changamwe tuna ardhi nyingine kabisa. Chini yetu kuna matabaka ya tope lililogandamana chini ya bahari katika enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, na wanajiolojia wameyapa matabaka hayo jina la Changamwe hii hii. Mwamba huo ukichakaa huzaa udongo wa mfinyanzi. Wakati wa mvua hung'ang'ania kiatu mpaka mtu akakivua. Kaskazi ikivuma hupasuka nyufa za kuingia kidole. Watu huulaani udongo huu, na wengi hukata tamaa wakaishia kumwaga zege ua mzima.

Wangeujua wasingeulaani. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na kwa udogo huo zina uwezo ambao mchanga hauna: hushika maji, na hushika virutubisho visisombwe na mvua. Mtu wa Likoni akitia samadi leo, mvua mbili tatu kubwa zinaweza kuizamisha mbali na mizizi. Ya mtu wa Chaani hukaa. Kasoro ya mfinyanzi ni moja tu, kwamba umejibana, hauna nafasi ya hewa kuingia wala ya maji kutoka. Kazi yote ya fundi wa udongo ni kuifungua nafasi hiyo bila kuipoteza ile hazina.

Kazi huanza kwa kuutambua udongo wenyewe. Chukua chupa ya kioo, utie udongo thuluthi moja, ujaze maji, utikise kwa nguvu, kisha uiweke mahali isiguswe. Mchanga hushuka chini papo hapo. Tope laini hufuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi huelea siku nzima, pengine zaidi, na tabaka lake la juu ndilo litakalokwambia una kazi kiasi gani. Halafu chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yanywee, ulijaze tena uangalie. Maji ya mara ya pili yakilala mpaka kesho, jua kwamba mtambuu hautaishi hapo mpaka uutengenezee tuta.

Kisha huja suala la wakati, na hapa ndipo wajuzi wanapojitenga na wenye haraka. Yupo bibi mmoja mtaani kwetu ambaye mtambuu wake huchumwa kila jirani anapooza. Hashiki jembe kabla ya kushika udongo. Hutwaa ngumi moja kutoka kina cha kiganja, huifinya, kisha huisukuma kwa kidole gumba. Ikibonyea tu na kung'aa, huitupa.

"Bado, mwanangu," huniambia. "Ukitia jembe leo utakuwa unafyatua matofali."

Ikivunjika vipande vipande, huita vijana wake waje na sururu na beleshi. Hakuna kipimo cha dukani kinachompita. Mfinyanzi uliolimwa ukiwa majimaji hujifunga, na kuufungua tena huchukua msimu. Ukilimwa ukiwa mkavu kabisa, sururu hutoa mabonge tu. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache, na ufundi ni kuzijua.

Tazama pia anavyochimba. Shimo lake ni la upana na kina cha nusu mita, na udongo wa juu ulio mweusi huuweka kando, usichanganyike na ule wa chini ulio hafifu. Akishamaliza huinama, achukue ncha ya panga, akwaruze kuta za shimo zote nne na sakafu yake. Nilidhani ni mazoea ya uzee mpaka nilipoangalia kwa makini. Beleshi likipita kwenye mfinyanzi hulainisha ukuta wa shimo ukawa kama sahani iliyopakwa mafuta: mizizi haipenyi, na maji hayana pa kutokea. Shimo zuri kwa macho linaweza kuwa kaburi la mmea. Mikwaruzo ile ya panga, ambayo hakuna atakayeiona tena shimo likifukiwa, ndiyo inayoamua kama kutakuwa na majani ya kuchuma. Kisha hurudisha udongo mpaka upite usawa wa ardhi kwa shubiri nzima, liwe tuta, ili mvua ya Mei ikimwagika iteremke pembeni.

Anachokirudisha si udongo ule ule. Huchanganya karai mbili za udongo wa juu kwa karai moja ya mboji, na samadi ya mbuzi iliyokwisha kukaa miezi mpaka ikapoteza harufu, maana samadi mbichi huunguza mizizi michanga. Mboji yake hutoka jikoni: maganda ya ndizi na ya muhogo, machicha ya nazi, mabaki ya mchicha, pamoja na majani makavu, vipande vya makuti na makumbi yaliyochanwachanwa. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi, la sivyo lundo hunuka. Katikati ya lundo huchomeka kijiti kirefu. Baada ya siku chache hukichomoa na kukishika: kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi, kikiwa baridi na kikavu, linataka maji, kikiwa baridi na kinanuka, linataka kugeuzwa lipate hewa. Katika joto letu la pwani, lundo linalogeuzwa vizuri huwa tayari kwa muda wa miezi mitatu hivi. Ndipo nyungunyungu huja wenyewe, na hao ni mafundi kuliko sisi. Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka mingi, na katika kitabu chake cha mwaka 1881 alikadiria kwamba katika ekari moja ya Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo hupita matumboni mwao kila mwaka.

Ujuzi wa kukataa nao ni sehemu ya ufundi. Wengi hukimbilia mchanga ili kulegeza mfinyanzi, na mchanga mdogo ndani ya mfinyanzi mwingi hugandana ukawa mgumu kuliko mwanzo. Wa ufukweni ni mbaya zaidi kwa sababu ya chumvi. Kifusi cha nyumba kina chokaa na saruji, nacho huufanya udongo kuwa wa magadi kupita kiasi, na majivu ya jiko yakizidi huleta shida ile ile. Maji ya kisima chenye chumvi huua polepole, kwa hiyo mtambuu hunyweshwa ya mvua au ya mfereji yanapopatikana.

Na ardhi ina historia ambayo lazima iulizwe. Upande wa Mikindani, si mbali na sisi, kijiji cha Owino Uhuru kilitiwa sumu ya risasi na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi haina harufu, haiozi, na mvua haiifuti. Kwa hiyo kama ua wako ulikuwa gereji, au mahali pa kuvunjia betri na kumwaga oili, usipande humo kitu cha kutia mdomoni. Inua kitalu cha mbao au cha mawe, ulete udongo kutoka mahali unapopajua, na ikiwezekana peleka sampuli maabara ya udongo, kama ile ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, kule Kabete, ipimwe.

Ufundi huu hauna taifa. Kule Kent nchini Uingereza, Hallertau Ujerumani na bonde la Yakima Marekani, kuna mmea mwingine wa kutambaa uitwao hopsi, ambao maua yake hutiwa kwenye bia kuipa uchungu. Hapa kwetu, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hauchanui sawasawa, kwa kuwa hutaka siku ndefu za kiangazi cha kaskazini, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Hata hivyo, anayeupanda nyumbani kwake huko huanza pale pale anapoanzia bibi wa Chaani: hupima maji yanavyonywea, hulegeza udongo wa chini, hutia mboji iliyoiva, huinua tuta. Mmoja ni mmea wa kilabuni na mwingine wa arusini, na yote miwili hukataa kukaa na maji miguuni.

Nimesikia wapangaji wenzangu wakisema kwamba kutengeneza udongo kwenye nyumba ya mtu ni kumjazia mwenye nyumba faida. Sikubaliani nao. Chaani ni mtaa wa watu wa kuja na kuondoka: wa bandari, wa reli, wa malori, wa mitambo ya mafuta iliyofunguliwa mwaka 1963. Tukingoja kila mtu apate ardhi yake ndipo aiheshimu ardhi, tutakufa tukiwa tumekanyaga zege. Udongo ulioiva hauulizi jina lililo kwenye hati. Humlisha aliyepo, na mpangaji ajaye hukuta kazi nusu imefanywa. Na wewe unapohama, ujuzi unaondoka nao, na vipandikizi vya mtambuu unaondoka navyo; kipande cha vifundo vitatu au vinne kinatosha kuanzia upya.

Basi mwenye nafasi ya hatua mbili ukutani, chini ya muarubaini au mlonge wowote, asikae bure. Lundo la mboji lianze Desemba. Upimaji na uchimbaji uwe Januari na Februari, siku ngumi ya udongo inapovunjika vipande. Machi tuta lilazwe chini ya matandazo ya makuti, litulie. Mtambuu utiwe ardhini mvua ya mwaka inapoanza, maana mvua ikishashika kasi, mfinyanzi wa Chaani haulimiki tena.